Mama Wageni wa Tlawi

Kila mgeni aliyefika kwake alipewa jina kabla hajapewa maji ya kunawa. Alimsimamisha mlangoni, akamtazama kutoka viatuni mpaka kichwani, polepole, kama mtu anayechagua mtamba mnadani, halafu akataja jina, na jina hilo halikubadilika mpaka mgeni aondoke. Kulikuwa na msichana mmoja akamwita Kijiko, kwa sababu ya kidevu chake. Mwingine alikuwa Kondoo, kwa nywele. Kijana mmoja mnene, mweupe kama sembe, akamwita Krismasi. Tulipomwuliza kwa nini, alisema kwa Kiiraqw, huku akimtabasamia yule kijana usoni, "Huyu ukimwona tu unajua kuna kitu kitachinjwa." Kijana alilipenda sana jina lake. Aliliandika kwenye daftari.

Sisi majirani tulimwita Mama Wageni, na mimi nitaishia hapo hapo. Jina alilobatizwa libaki kanisani. Nyumba yake iko juu ya yangu hapa Tlawi, tumetenganishwa na uzio wa minyaa na kijia cha ng'ombe. Nimeishi chini yake miaka arobaini. Maji aliyomwaga yalipita kwangu, na maneno yake pia.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza mpango wa wageni kama nilivyouelewa. Chuo kimoja cha uuguzi cha huku kwetu na chuo kimoja cha Ulaya vilikubaliana kubadilishana wanafunzi. Wao walileta wawili au watatu kila mwaka, wakae miezi minne, wafanye kazi hospitali, waishi katika nyumba ya watu wa kawaida. Sisi tulipeleka mmoja. Chuo kilitafuta nyumba safi, kikaona ya kwake. Alikuwa mjane, ana bati, ana vyumba vya kutosha, ana choo ambacho mtu anaweza kuingia bila kufumba macho. Watoto wake wawili wa kiume walikwenda Dar na Dar ikawameza. Siku moja tuligombana juu ya ndama wangu aliyekula mboga zake, nikamwambia, "Ndiyo maana unafuga watoto wa watu, wako wamekukimbia." Akanijibu, "Na wewe wako mbona hawakimbii? Hawana miguu au hawana akili?" Baada ya hapo akaniletea maziwa ya mgando, tukanywa.

Wageni waliamshwa saa kumi na mbili. Ukungu wa Julai hapa kwetu unakaa chini kama moshi wa kuni mbichi, huoni hata ng'ombe mpaka akupulizie. Katika ukungu huo Mama Wageni aliwapa makapu ya samadi, wapeleke kwenye shamba la vitunguu saumu. Wasichana waliokuwa na glavu aliwavua glavu. "Mmekuja kujifunza maisha," aliwaambia kwa Kiswahili cha polepole, kama anaongea na viziwi. "Maisha ndiyo haya. Yanatoka nyuma ya ng'ombe." Nao wakaenda, makapu mgongoni, wanateleza, wanaanguka, na mimi upande wangu wa uzio nacheka mpaka nashika tumbo. Sitasema uongo, hizo zilikuwa asubuhi nzuri sana. Alijua nacheka. Nadhani nusu ya aliyoyafanya aliyafanya ili nicheke.

Alikuwa na msemo wake: mgeni asipolia wiki ya kwanza, bado hajafika. Alimsubiri alie kama mtu anavyosubiri mvua. Siku ya tatu, siku ya nne, anamtazama midomo. Msichana akishaanza, Mama Wageni anakaa naye kwenye benchi, anamshika mkono, anampa maziwa ya moto, anampangusa kwa kanga yake mwenyewe, na huku anamfuta ananiita juu ya uzio kwa Kiiraqw, sauti laini kabisa ya kubembeleza: "Mama Damiano, njoo uone, bomba limepasuka." Msichana anadhani anaombewa.

Na Mama Wageni huyo huyo, Kondoo alipougua malaria aliyotoka nayo Yaeda Chini, hakubadilisha nguo siku nne. Alikuwa amempeleka huko mwenyewe, kwenye lori la mahindi, kwa sababu Kondoo alitaka kuona watu wanaowinda. Aliporudi anatetemeka, Mama Wageni alilala chini kando ya kitanda chake, akamfuta matapishi, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko. Nilipita dirishani nikamsikia anamwimbia. Nilisimama. Maneno ya wimbo yalikuwa haya: ufe kwenu, mwanangu, usife kwangu, kwangu hakuna nafasi, shamba limejaa vitunguu. Kondoo alipona. Mpaka leo anamtumia picha za watoto wake.

Mara nyingine utani wake ulimrudia. Alimpeleka Kijiko kwenye harusi ya wafugaji huko Balangdalalu, akawaambia wazee kwamba binti huyu anatafuta mume, halafu akamwambia Kijiko kila mzee akiongea wewe tabasamu, ndiyo adabu. Kijiko akatabasamu. Mzee mmoja mwenye meno machache akataja ng'ombe, Kijiko akatabasamu zaidi. Njia nzima ya kurudi Mama Wageni alicheka. Wiki iliyofuata mzee akatokea Tlawi na ndugu zake, wamevaa vizuri, wamekuja kumalizia maneno. Hapo hakucheka tena. Ilibidi atoe dume la kondoo na kuomba radhi mbele ya watu, na yule mzee alilipokea bila kumtazama. Siku ya tatu akaniambia, "Ningemwoza. Kijiko yule nani mwingine atamchukua?"

Huyo ndiye mtu ninayemsema. Ukitaka mtakatifu, tafuta nyumba nyingine.

Sasa Pazia.

Alikuja mwaka ambao mjukuu wangu Paskalina alikuwa ameanza sekondari ya bweni. Pazia aliitwa hivyo kwa sababu nywele zilimwangukia usoni, akawa anatutazama katikati kama mtu aliye ndani ya nyumba. Alikuwa mpole, mwepesi wa kujifunza. Kufikia mwezi wa pili alisema shikamoo bila kuvunja mgongo, alichota maji, alikoroga ugali ukakubali. Mama Wageni alianza kuchoshwa naye, hakuwa na cha kumcheka.

Halafu simu ikaja kwamba baba yake Pazia ametoka na mashua huko kwao, mashua imepatikana, yeye hajapatikana. Walimtafuta, wakaacha. Hakukuwa na mwili, hakukuwa na kaburi, na mama yake akamwambia amalize muhula wake, hata akirudi hakuna cha kuzika.

Hapa lazima niseme kitu ambacho vijana hawakijui na mapadri hawakipendi. Kwetu Wairaqw kuna vifo vya kawaida na kuna vifo vinavyomshika aliyebaki. Aliyeshikwa yuko kwenye metimani. Hali chakula na watu, kikombe chake ni chake peke yake, hakanyagi zizi la mwenzake, hamkaribii mjamzito, mpaka isemwe kwamba ameshatakasika. Wengi wameacha. Mimi pia nilikuwa nimeacha, nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Lakini mwaka ule mke wa mwanangu mdogo alikuwa na mimba ya miezi minane, na kabla yake alikuwa amezika wawili ambao hawakupata hata majina. Na huyu Pazia alikuwa anaingia kwangu kila jioni kumshika tumbo, kumhesabia mapigo ya mtoto, ndiyo masomo yake.

Niliposikia baba yake amekufa majini na hajazikwa, nilipanda kwa Mama Wageni siku hiyo hiyo.

"Huyu binti asivuke uzio wangu," nikamwambia.

"Kwa sababu gani?"

"Unaijua sababu."

Akanitazama kama nimelewa. "Mama Damiano, huyu hata Kiiraqw hajui. Metimani itamtambuaje?"

"Itamtambua. Akivuka, tumekwisha ujirani. Na nitawaambia wote wanaokula kwako wanakula na nani."

Aliwaza. Alikuwa anauza maziwa kwa nusu ya kitongoji. Akasema, "Sawa," na akageuka kuchochea moto.

Kwa hiyo lilikuwa neno langu, na yeye alilitekeleza, tena alilitekeleza vizuri kuliko nilivyomwomba. Kikombe cha Pazia kilitundikwa kwenye msumari nje ya mlango. Sahani yake iliwekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, naye akala hapo, peke yake, amegeukia ukuta. Watoto waliambiwa wakimwona wakimbie, na watoto wakiambiwa kukimbia wanaongeza na kelele. Hakuna aliyempa pole. Hakuna aliyemwambia sababu, kwa sababu nani angeanza kueleza? Alikuwa na miaka ishirini na moja, baba yake yuko chini ya maji, na dunia nzima ya watu aliowazoea ilimfungia mdomo siku moja.

Jioni moja alishuka kwangu akilia. Alikuja mpaka penye pengo la uzio, mikono mbele, anataka kukumbatiwa, anasema, "Bibi, Bibi." Nilikuwa na fimbo ya ng'ombe mkononi. Nikainyanyua. Sikumpiga. Aliiona, akasimama, akaniangalia kupitia zile nywele, akarudi alikotoka. Ilikuwa hivyo wiki tano.

Mtoto alizaliwa mzima. Yuko darasa la nne sasa, ana kichwa kigumu kama babu yake. Kwa hiyo mtu asije akaniambia haikusaidia kitu. Sijui. Na yeye hajui.

Baada ya mtoto kuzaliwa, kikombe kilirudi ndani. Siku chache kabla ya kuondoka, Pazia akamkalisha Mama Wageni jikoni. Mimi nilikuwapo, ninamenya viazi vya sherehe ya kumuaga. Akamwuliza kwa Kiswahili safi, ameshakipanga, "Mama, nilikukosea nini?"

Mama Wageni alichukua kiazi mkononi mwangu, akakigeuza, akakirudisha. Halafu akasema, "Hukukosa. Ile ni heshima. Kwetu mfiwa tunamwachia nafasi. Hatumshiki, hatumsemeshi, tunamwekea sahani yake na kikombe chake, watoto tunawaondoa, ili akae na marehemu wake mpaka waagane. Mtu tusiyempenda ndiye tunampigia kelele za pole."

Niliusikia uongo ule ukizaliwa mbele yangu, mnene, mzuri, na sikusema neno. Zaidi ya hapo, niliufurahia. Uliniosha na mimi. Pazia alilia, akamkumbatia, akaja akanikumbatia na mimi, viazi vikamwagika. Alipofika kwao aliandika jambo hilo katika kazi yake ya chuo, ikachapishwa kwenye karatasi inayong'aa, na picha ya Mama Wageni akiwa na kapu mgongoni. Nakala ilitumwa Tlawi. Mama Wageni aliitundika sebuleni, wageni waliofuata wakawa wanaisoma na kumtazama kama kanisa.

Miaka ikaenda. Pazia akawa mwalimu katika chuo kile kile, akapewa kusimamia mpango wa wanafunzi. Na Paskalina wangu, niliyemlea mimi tangu mama yake alipoolewa kwingine, akaingia chuo cha uuguzi, akasoma, akawashinda wote, akachaguliwa yeye kwenda Ulaya muhula mmoja. Nilitembea soko zima la Mbulu nikiwa na barua ile kwenye mfuko wa koti. Watu wasiojua kusoma niliwasomea. Watu wanaojua kusoma niliwasomea pia. Mama Wageni alisema, "Huko nao watampa jina." Lakini ni yeye aliyempigia Pazia simu, akamwambia, huyu ni wa nyumba ya chini, umweke kwako, usimpeleke bwenini.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa mizuri. Paskalina alipiga simu Jumapili, ananionyesha theluji, ananionyesha mkate mgumu kama kipande cha mbao. "Bibi, huku ukimsalimia usiyemjua anadhani unataka kitu," alisema. Wagonjwa wengine walikataa mikono yake mwanzoni, bibi mmoja mzee akamwambia anamchafulia shuka. Paskalina akambadilisha shuka, akaja tena kesho yake. Nikamwambia, wewe ni wangu. Pazia alimpikia ugali wa unga wa ajabu, mtoto mdogo wa Pazia alimkalia mapajani. Kila kitu kilikwenda.

Halafu pikipiki ikamtupa mwanangu Damiano, baba yake Paskalina, kwenye mteremko wa Dongobesh. Alifika hospitali hasemi, asubuhi akafa. Nilimpigia Paskalina mimi mwenyewe. Alitaka kurudi. Mimi ndiye niliyemkataza. Nikamwambia, "Tunazika kesho, ndege haitakuwahi. Baki usome. Ukirudi sasa wamekufa wawili." Akabaki. Niliona nimefanya jambo kubwa, nikawaambia waombolezaji: mjukuu wangu amebaki darasani, huyo ndiye damu yetu.

Wiki sita baadaye alishuka kwenye basi hapa chini, mfuko mmoja mkononi, muhula haujaisha. Alikuwa amekonda mpaka masikio. Alinisalimia, akaingia ndani, akalala na ukuta. Nikambana. Akasema, "Siku ile baba alipokufa, yule mama alinikumbatia mara moja, halafu ikawa mwisho. Asubuhi nikakuta meza ndogo koridoni, sahani yangu na kikombe changu. Wao wanakula jikoni, mlango umefungwa. Mtoto akapelekwa kwa bibi yake. Chuoni wenzangu wakiniona wanavuka barabara. Hakuna aliyesema pole, Bibi, hata mmoja. Nilidhani wanaogopa ugonjwa. Nilidhani ni rangi. Wiki sita. Nilikuwa ninaongea na maji bafuni ili nisikie sauti."

Chuo kiliandika barua: anaweza kurudi muhula unaofuata kumaliza, akae nyumba ile ile, ajibu kabla ya mwisho wa mwezi, asipojibu nafasi inakwenda kwa mwingine na masomo yake yanarudi nyuma mwaka mzima. Paskalina akasema, "Siendi kwa mtu aliyenifanya mbwa." Nikamwomba, nikamfokea, nikalia. Hakuna.

Katika siku hizo Mama Wageni aliniita tuchambue vitunguu saumu vyake. Tukakaa kwenye gunia. Akaanza kucheka peke yake. Nikamwuliza kuna nini.

"Pazia amenipigia, analia," akasema. "Anauliza amekosa wapi. Anasema, 'Mama, nimefanya yote uliyonifundisha. Sahani peke yake, kikombe peke yake, mtoto nimemwondoa, nimewaambia na wanafunzi wote wasimguse. Nilimwachia nafasi akae na baba yake. Kwa nini ameondoka bila kuniaga?'"

Nilicheka. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilicheka kwanza. Tulicheka wote wawili, wazee wawili wenye maganda ya vitunguu kwenye nywele, tukamwona yule mjinga wa Kizungu anaweka sahani koridoni kwa heshima zote. Mama Wageni alifuta machozi. Halafu nikaona uso wake umeacha kucheka kabla ya wangu, ananitazama, ananisubiri. Ndipo ikanifikia. Aliyekaa kwenye korido ile ni mtoto wangu.

Nilishuka nyumbani, nikamwambia Paskalina: yule mama hakukuchukia, alikuheshimu, alidhani ndiyo desturi yetu.

"Desturi gani? Kwetu msiba watu wanajaa mpaka hakuna pa kukaa," akasema. "Nani alimfundisha hayo?"

Hapo nilikuwa na njia mbili, ziko wazi kabisa. Nikasema, "Mama Wageni."

Alitoka hata viatu hakuvaa. Nilimfuata. Mama Wageni alikuwa uani, amesimama na kapu. Paskalina alisimama mbele yake bila kumwamkia, na kwetu mtoto akisimama mbele ya mzee bila shikamoo, hata kuku wanajua kuna jambo.

"Siku hizi Ulaya hawafundishi kusalimu," Mama Wageni akasema.

"Nitasalimu ukinijibu. Pazia alipofiwa, ulimweka nje?"

"Nilimweka."

"Kwa metimani?"

"Ndiyo."

"Wewe? Unayekwenda jumuiya kila wiki?"

"Jumuiya ni Alhamisi. Siku nyingine nilikuwa naogopa."

"Ukamwambia ni heshima."

"Nikamwambia."

Paskalina akavuta pumzi. "Uliyafanya na nani?"

Mama Wageni alinitazama. Nilikuwa nyuma ya mjukuu wangu, hatua tatu, na ninajua uso wangu ulisema nini, kwa sababu niliusikia kutoka ndani. Ulisema, tafadhali.

"Peke yangu," akasema. "Bibi yako alipanda hapa kunisihi nimwache mtoto wa watu. Nikamfukuza."

Hakuishia kunificha. Alinipa na wema ambao sikuwahi kuufanya. Nami niliupokea kwa mikono miwili.

"Uongo wako umepanda ndege," Paskalina akamwambia, "ukanikuta peke yangu, baba yangu amekufa. Shikamoo yangu hutaisikia tena mpaka nizikwe."

"Sawa," akasema Mama Wageni. "Masikio yenyewe yamechoka." Akainua kapu lake.

Siku hiyo Paskalina alimpigia Pazia. Waliongea mpaka simu ikazimika, wakaichaji, wakaendelea. Nilisikia vilio pande zote mbili. Alijibu barua kwa wakati, akarudi, akamaliza, na siku ya kumaliza Pazia alisimama mahali ambapo angesimama Damiano. Mimi nina picha hiyo, kubwa, ya fremu.

Pazia hakumsema vibaya Mama Wageni. Alinyamaza tu, na mwaka uliofuata wageni hawakuja. Sasa wanakaa Dongobesh, katika familia moja ya Kiislamu yenye duka, wanakula pilau Ijumaa na hakuna anayewaita Kondoo. Habari ilienea Tlawi kama zinavyoenea. Wanawake niliokuwa nikiwaongoza kanisani waliacha kununua maziwa yake. Walisema ni kwa ajili yangu, kwa alivyomtesa mjukuu wangu. Sikuwazuia.

Nilikaa zaidi ya mwaka bila kupanda kule. Mwaka huu, tulipomaliza kuvuna, nilipanda. Jicho lake moja limeingia ukungu. Vitanda vya wageni vimetandikwa, shuka zimevutwa hata nzi angeteleza, na kwenye ukuta ile karatasi inayong'aa haipo, kimebaki kiraka cheupe cha rangi. Alikuwa anasomba samadi mwenyewe.

Hakunikaribisha. Hakunifukuza pia. Nikamwuliza nilichopanda kumwuliza, kwa nini hakunitaja siku ile.

Alifikiri kidogo, siyo sana. "Yule binti akiacha kunisalimu mimi, nitakula na nitalala," akasema. "Akiacha kukusalimu wewe, utakufa kabla ya mvua. Na mimi sitaki kuja msibani kwako, Mama Damiano. Kwenu wanapika vibaya."

Nikafungua mdomo kushukuru. Akasema, "Usianze. Sikukupenda siku ile na leo sijakupenda. Nilipiga tu hesabu nani ana kitu cha kupoteza."

Nikashuka.

Paskalina anafanya kazi Hanang sasa, hospitali, Katesh. Anapiga Jumapili. Anauliza habari kama nilivyomfundisha, nyumba kwa nyumba: wa bondeni wamevuna nini, wa kisimani mgonjwa wao anaendeleaje, mke wa mdogo wake baba, ng'ombe amezaa, padri mpya anapiga kelele bado. Namjibu moja moja, bila haraka. Anaruka nyumba moja tu. Na mimi, kila Jumapili, naruka pamoja naye.